Meno ya bandia yaliyobana, na weusi wa aina tatu kwenye mdomo mmoja

Mama alikuja kwangu sababu meno ya bandia yanambana. Lalamiko lake zima ndo lilikuwa hilo, hakusema kidonda, hakusema maumivu, hakutaja doa lolote, alisema tu "mwanangu, hii sahani inanibana, nipunguzie kidogo nirudi kwenye biashara yangu". Ana miaka 58, anauza machungwa Muheza, na alipanda gari la asubuhi kuja Tanga mjini akiwa na hesabu ya kurudi kabla ya adhuhuri. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaitoa sahani mdomoni mwenyewe na kuniwekea kwenye trei kabla hata sijavaa glovu.

Amekubali nisimulie, na vitu vinavyoweza kumtambulisha nimevibadilisha. Naandika kirefu na kwa mpangilio ule ule niliopitia siku ile, manake nimeongea na wenzangu kadhaa wanaofanya kazi ya meno mikoani na wengi wanakumbuka weusi fulani kwenye kaakaa waliouona, wakausemea "ni rangi yake", wakaendelea na jino lililomleta mgonjwa.

Tuanze na ile sahani. Ilikuwa ya akriliki ya pinki, ina meno matatu ya juu kushoto, namba 24, 25 na 26 kwa hesabu yetu ya meno, imeshikiliwa na vikulabu viwili vya waya. Nikaigeuza upande unaolala kwenye kaakaa. Kwa kawaida upande ule ni kama kaakaa lenyewe limegeuzwa, unaona mikunjo ya mbele ilivyo na plastiki ina unene unaolingana kote. Ya kwake ilikuwa na shimo. Kushoto, nyuma kidogo ya mikunjo, kuna mtu alikuwa ameisugua mpaka plastiki imekuwa nyembamba, ukiinyanyua kwenye taa mwanga unapita, na ukiangalia vizuri shimo lenyewe lina ngazi mbili, ya nje pana na laini, ya ndani ndogo na bado ina mikwaruzo ya tupa. Nikamuuliza, mama hii imesuguliwa mara ngapi? Akasema mara mbili, ya kwanza mfungo wa mwaka jana, ya pili machungwa yalipoanza kuiva, zote kwa fundi yule yule aliyemtengenezea, na kila akisuguliwa inakaa vizuri miezi michache alafu inaanza tena pale pale.

Niseme ukweli, mkono wangu ulishaanza kuitafuta hendipisi, ile mashine ya mkononi ya kusugulia. Foleni nje ilikuwa ya watu zaidi ya ishirini, kazi yenyewe ya dakika tano, na mgonjwa mwenyewe ndo anaiomba. Kilichonizuia ni kitu kimoja, akriliki ikishapikwa ikapoa haikui. Kama sahani ilikaa vizuri miaka miwili iliyopita, na sasa inabana kwa mara ya tatu sehemu ile ile moja, basi kinachokua ni kaakaa, na lile shimo la ngazi mbili ni kumbukumbu ya mara mbili ambazo kaakaa lilisogea chini na mtu akalipisha njia.

Nikalaza kiti, nikavuta taa.

Kaakaani kushoto kulikuwa na baka la kama milimita 22 kwa 14, linaanzia karibu na mstari wa kati linakwenda mpaka kwenye ufizi uliobaki wa 24 na 25. Rangi yake haikuwa moja. Kuna sehemu nyeusi ti, kuna sehemu ya kahawia kama kahawa iliyotiwa maji mengi, na upande wa nyuma kuna kijivu kinachoelekea bluu. Kingo zimeingia na kutoka, huwezi kusema doa linaishia wapi na kaakaa linaanzia wapi. Katikati kuna kinundu cha milimita 8 hivi, kimenyanyuka, juu yake kimechubuka kidogo kinatoa damu ukikigusa na shashi, na pembeni kama nusu sentimita kuna vidoa viwili vidogo vimejitenga. Nikabonyeza kwa kidole, hakusikia maumivu yoyote. Hiki cha kutouma ndo kinawaponza watu, mtu wetu haji hospitali kwa kitu kisichouma, na melanoma ya mdomoni, kansa ya zile chembe zinazotengeneza rangi, mara nyingi haiumi mpaka imeshafika mbali.

Nikamuuliza, mama hili doa unalijua? Akasema "Mie mweusi mwanangu, fizi zangu nyeusi toka usichana wangu." Na ni kweli. Nikamshusha mdomo wa chini, fizi za mbele zina utepe mweusi mzuri, kulia na kushoto sawasawa, ule unyafunyafu wa ufizi kama ganda la chungwa upo vile vile, na rangi inakatika vizuri ufizi unapoishia. Aliyemtengenezea sahani alimwambia lile la juu ni hilo hilo la chini. Simlaumu kwa kuliona kama hivyo mara ya kwanza, huenda kipindi kile lilikuwa bapa, dogo, halina habari. Namlaumu kwa tupa ya pili.

Hapa nikae kidogo, sababu hii ndo sehemu inayotukosesha sisi kuliko daktari wa Ulaya. Yule akiona doa jeusi mdomoni kwa mgonjwa mweupe anashtuka hapo hapo, kwetu weusi mdomoni tunauona kila siku. Hatuna chembe nyingi zaidi za kutengeneza rangi kuliko wazungu, idadi inakaribiana, za kwetu ndo zinafanya kazi zaidi. Rangi ya asili ina tabia zake. Inapenda ufizi, hasa wa mbele, inalingana pande mbili, ipo tangu utoto au ujana, haibadiliki ndani ya miezi, hainyanyuki, haitoi damu, na haina rangi nne kwenye eneo la ukucha mmoja. Inaweza kukaa shavuni, kwenye ulimi, hata kaakaani, ila ikiwa kaakaani peke yake, upande mmoja tu, usiipe jina la asili kwa sababu mgonjwa ni mweusi. Vitabu vinasema melanoma za mdomoni kama 80 kwa mia zinatokea sehemu mbili tu, kaakaa gumu na ufizi wa juu. Yaani pale pale tunapofunika kwa sahani za meno.

Sasa katika mdomo ule ule kulikuwa na weusi wa tatu. Chini kulia, kando ya jino namba 46, ufizini, kidoa cha kijivu cha milimita 4, bapa. Lile jino lina ujazo wa zamani wa amalgamu, umemeguka pembeni. Hicho nilikidhania alama ya amalgamu, chembe za madini zilizoingia kwenye nyama wakati jino linazibwa, na eksirei ndogo ya pale ikaonyesha chembe tatu nne nyeupe kwenye nyama, nje ya jino. Nikakiacha. Ila ni lazima niongeze, eksirei isipoonyesha chembe hujathibitisha kwamba si amalgamu, na hujathibitisha kwamba ndiyo, chembe zinaweza kuwa laini mno zisionekane. Doa la kijivu lisilo na jino lililozibwa jirani, na eksirei haina kitu, hilo linakatwa.

Kwa hiyo mdomo mmoja una weusi wa kuzaliwa nao, weusi wa amalgamu, na weusi nisioujua. Kazi ya siku ile ilikuwa kuuhoji huo nisioujua.

Nilianza na kioo. Unachukua slaidi ya maabara, ile ya kioo cha kupimia malaria, unaibonyeza juu ya doa na kuangalia. Damu iliyo ndani ya mishipa inakimbia, doa linapauka. Lake halikupauka. Hiyo inaondoa uvimbe wa mishipa, haiondoi damu iliyovilia, wala haiondoi Kaposi, kansa inayoanzia kwenye kuta za mishipa, ambayo kwetu lazima uifikirie kila ukiona kitu cha zambarau kaakaani, ni sehemu inayoipenda sana kwa mtu mwenye VVU. Nikamwomba kipimo, akapima, hana. Hilo likapunguza Kaposi na likaondoa pia zidovudini, dawa ya VVU inayoweza kuacha weusi kwenye kucha na mdomoni.

Nikauliza dawa. Klorokwini ikitumika muda mrefu inaweza kulipaka kaakaa rangi ya bluu kijivu, na watu wa umri wake wameimeza sana kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ila wao walimeza dozi za siku tatu, hayo ya kaakaa tunayaona zaidi kwa mtu anayemeza kwa miezi na miaka kwa ajili ya viungo au lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, na rangi yake inasambaa pande mbili, hainyanyuki. Nikauliza sigara, havuti. Tambuu alitafuna ujanani, kaacha zamani. Nikauliza kuchanja fizi, manake kuna wanawake wa Ethiopia na Senegal wanazichanja makusudi ziwe nyeusi, akacheka, akasema hapana. Nikauliza uchovu, kupungua uzito, kizunguzungu akisimama, hamu ya chumvi, na kama aliwahi kuugua TB, sababu TB ikishambulia tezi za juu ya figo mtu anaweza kuwa mweusi mdomoni na mwilini. Hana hata kimoja, presha nzuri.

Kuna moja lingine la kutaja, sababu linawapata wanawake weusi hasa. Linaitwa melanoakanthoma. Mara nyingi linakaa shavuni, linakua ndani ya wiki chache tu kwa kasi ya kutisha, unaweza kuapa ni kansa, kumbe ni salama kabisa na likishakatwa kipande mara nyingi linafifia lenyewe. Sasa utalitofautishaje na melanoma kwa macho? Hutofautishi. Na kuna vipele vya bluu vya kaakaani, nevasi, navyo ni salama, navyo kwa macho havina cheti. Ndo maana doa la pekee kaakaani, hata dogo, hata halijabadilika, mimi nalikata.

Alafu nikamwambia, mama naomba nione miguu.

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Ila melanoma ikionekana mdomoni lazima ujiulize kama imezaliwa pale au imetoka kwingine, na kwa watu weusi melanoma ya ngozi inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na yake ilianzia kwenye kidole cha mguu. Jua halihusiki huko, kama lisivyohusika kaakaani. Mama akavua makubadhi. Mtoto wa dada'ke alikuwa ameolewa wiki mbili nyuma, nyayo zote zimepakwa hina mpaka kwenye kifundo, na kucha, za mikono na miguu, zimepakwa piko. Nyeusi ti zote ishirini. Nyayo nilizikagua kwa taa ya kiti, nikipitisha kidole kutafuta kitu kilichonyanyuka, hina ilikuwa imeanza kuchakaa kwenye kisigino nikaona ngozi, sikupata kitu. Kucha zilinishinda. Chini ya piko hakuna jicho linaloona, nikaandika kwenye faili "kucha hazijakaguliwa, piko", nikaiwekea nyota. Nafurahi niliandika hivyo sikuandika "kawaida". Macho yalikuwa safi, shingo nilipapasa pande zote sikupata tezi.

Kufikia hapo nilikuwa na shaka kubwa ya melanoma, na kilichobaki ni kuchukua kinyama.

Hapo akaja kaka'ke. Mama alimpigia simu, akafika ndani ya saa moja, na akaniambia kwa heshima kabisa, "Daktari, sisi tunajua uvimbe wa namna hii ukiguswa na chuma unasambaa." Hili jambo mnalijua wote mnaofanya kazi hospitali, linasemwa kila mahali, na siwezi kulicheka sababu limetokana na kitu watu wanachokiona kweli, mtu anakatwa, miezi sita baadaye anazikwa. Wanachokiona ni kwamba kisu kilifika wakati ugonjwa ulishatembea. Nikamwambia, kaka, melanoma ya ngozi imefuatiliwa kwa muda mrefu na waliokatwa kipande kwanza hawakuonekana kufa mapema kuliko waliotolewa doa zima kwa mkupuo. Alafu nikamwonyesha sahani. Nikaiweka juu ya taa, nikampa ashike, nikamwonyesha ngazi ya kwanza na ya pili. Nikasema huu uvimbe haujaguswa na chuma bado, na tazama ulivyotembea. Akaigeuza geuza kwa muda mrefu. Akamwambia dada'ke, "Mpe akate."

Kukata kwenyewe nilifanya kesho yake asubuhi, kabla ya foleni. Kwa doa kubwa kama lile hutoi lote, kulitoa lote ni kazi ya daktari atakayekuja kufanya upasuaji mkubwa, na ukilitoa nusunusu unamharibia ramani, hajui tena kingo zilikuwa wapi. Nikapiga picha kwanza, na rula pembeni. Ganzi nilichoma mbali na doa, lignokaini yenye adrenalini, sikuchoma ndani ya doa. Nikachukua vipande viwili, kimoja kutoka kwenye kinundu ila pembeni ya mchubuko, sababu katikati ya kidonda unaweza kupata nyama iliyokufa tupu na jibu likaja halina kitu, na kingine kutoka sehemu bapa nyeusi ili mtu wa maabara aone jinsi zile chembe zinavyokaa kwenye mpaka wa ngozi laini. Vyote viwili vilishuka mpaka karibu na mfupa. Kaakaani kuna mshipa mkubwa unaotokea nyuma kwenda mbele, kwa hiyo unaelekeza wembe sambamba nao. Damu ilitoka ya kawaida, shashi dakika kumi, nyuzi mbili. Vipande kwenye vichupa viwili tofauti vya formalini, na formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya kipande, nimeshaona vipande vimeoza kwa sababu mtu alitia formalini ya kijiko.

Na fomu niliijaza. Naomba hili mlisikie, fomu ya histolojia, ya kupima nyama kwa darubini, si risiti. Ukiandika "doa mdomoni, angalia" umemfunga macho mwenzako. Niliandika umri, mahali, ukubwa, muda, kwamba linakua, rangi, dawa, VVU hasi, na juu kabisa nikaandika "nashuku melanoma". Kuna sababu ya kuandika neno lenyewe. Melanini, ile rangi nyeusi yenyewe, ikiwa nyingi inaziba kila kitu kwenye darubini, inabidi maabara waipaushe kwanza ndo waone viini vya seli, na wakijua unachoshuku wanapaka zile rangi maalumu, S100, HMB-45, Melan-A. Kingine, kuna melanoma za mdomoni ambazo hazina weusi wowote, za pinki kama uvimbe wa ufizi wa kawaida, hizo bila rangi maalumu zinaweza kuitwa kitu kingine kabisa.

Sahani nilibaki nayo. Nilimwambia asivae tena.

Majibu yalichukua wiki tatu, na nilikuwa nampigia simu kila Ijumaa hata kama sina jipya. Yakaja: melanoma, imeshaingia kwenye nyama ya chini, S100 chanya, HMB-45 chanya, Melan-A chanya.

Nilimwita aje na kaka'ke. Alikaa, akaniangalia, na kabla sijafungua faili akasema, "Niambie tu mwanangu. Ni kansa?" Nikasema ndiyo mama, ni kansa. Akauliza, "Ya weusi wangu?" Nilikaa kimya kidogo, sababu niliona amebeba nini, kwamba rangi yake imemgeuka. Nikamwambia hapana mama, fizi zako za chini ni nyeusi na ni nzima, na hii ingeweza kumpata mzungu, Wajapani pia inawapata. Sikumwambia itapona. Nilimwambia ni ngumu, kwamba vitabu vingi vinataja wanaofika miaka mitano kuwa kati ya 15 na 30 kwa kila mia, na kwamba nafasi ya kwanza ni kutolewa yote na mpaka wa nyama nzima. Kaka'ke aliinama. Mama akauliza kama atakula machungwa.

Ugonjwa huu ni adimu, chini ya 1 kwa mia ya kansa zote za mdomoni, kwa hiyo daktari wa meno anaweza kufanya kazi maisha yake yote akaona mmoja au asione kabisa. Pia una ukali wa pekee. Kwenye mpangilio wa hatua za kansa wa AJCC, kamati ya Marekani ya kansa, toleo la nane, melanoma ya huku ndani haina T1 wala T2, zile hatua za mwanzo za uvimbe. Inaanzia T3 hata ikiwa nyembamba kama karatasi. Walioandika mpangilio huo walikuwa wanatuambia kwamba hapa hakuna hatua ya kungoja.

Rufaa ikawa Dar, kama saa sita za basi. CT skani ya uso, shingo, kifua na tumbo. Tezi hakuna, mapafu na ini safi, ila chini ya kile kinundu mfupa wa kaakaa ulikuwa umeliwa kidogo. Hiyo ni T4a, yaani imeshafika kwenye mfupa. Walipanga kutoa nusu ya taya la juu upande wa kushoto, alafu mionzi.

Kabla hajasafiri nilifanya kitu kimoja ambacho sisi wa mikoani tunaweza kukifanya na mara nyingi hatuambiwi. Nilichukua vipimo vya mdomo wake wote, nikamwaga plasta, nikatengeneza sahani ya kuvaa siku ile ile ya upasuaji, maana taya likitolewa mdomo na pua vinakuwa chumba kimoja, mgonjwa anaamka hawezi kuongea wala kumeza, maji yanatokea puani. Sahani ile inazuia hilo angalau kwa wiki za mwanzo. Aliibeba kwenye mkoba, imefungwa na kitambaa chenye maji isikauke.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kingo zilitoka safi. Mionzi akaimaliza, ilimchoma mdomo vibaya, alipungua kilo nyingi, kuna wiki hakutaka kuongea na mtu. Kuhusu dawa za kinga za siku hizi, pembrolizumabu na nivolumabu, tuliongea na madaktari wa kansa, zipo duniani na zinasaidia baadhi ya wagonjwa wa melanoma, bei yake mama hawezi hata akiuza shamba. Sehemu ya melanoma za ndani ya mdomo huwa na hitilafu kwenye jini inayoitwa KIT, na hao wanaweza kujaribiwa imatinibu, ile dawa inayojulikana kwetu kwa kansa ya damu. Kipimo hicho hakikufanyika kwake. Tumekubaliana kwamba ikirudi ndo kitatafutwa, na ile bloku ya nyama imetunzwa.

Miezi mitano baada ya upasuaji alirudi kwangu kwa kizibo cha kudumu. Hicho kina sehemu inayopanda juu kujaza uwazi, nilikiweka na kukitoa mara nyingi mpaka kikakaa. Kwa kawaida unampa mgonjwa maji anywe uone kama yanapita puani. Yeye alikuja na chungwa lake. Akalimenya pale kwenye kiti, akafyonza, akameza, akakaa kusubiri mkono uko chini ya pua. Hakikutoka kitu. Akasema, "Hii haibani."

Sasa ni miezi tisa. Anakuja kila miezi miwili, kizibo natoa, naosha, nakagua kingo zote kwa kioo na taa, napapasa shingo. Mara hii nilikuta kidoa kipya cha kahawia, milimita 3, ndani ya shavu la kulia. Mkono ulinitetemeka kidogo. Nikakikata chote siku ile ile, na majibu yamekuja ni doa la kawaida la melanini, salama. Skani ya kifua ya mwezi uliopita nayo safi, nyingine imepangwa baada ya miezi mitatu.

Na ile nyota kwenye faili nimeishughulikia. Kucha za mikono zote kumi piko imekwisha, zimeota mpya, safi. Za miguu pia, ila kwenye gumba la kulia kimebaki kipande cheusi kwenye ncha tu, na huku chini ukucha mpya wote ni mweupe, yaani weusi unasukumwa mbele na ukucha unavyoota. Mstari wa melanoma haufanyi hivyo, unabaki umeshika shina. Nimekipima na kukiandika, mara ijayo kitakuwa kimeshakatwa. Nikamwomba asipake tena kwenye kucha. Akasema Idi atapaka mkononi tu, na kucha ataniachia mimi.